Masikio ya Wapulizaji wa Salfa

Kati ya mwezi Juni na Septemba, mikorosho ya Masasi na Newala inapochanua, vijiji vya uwanda wa Makonde haviamshwi tena na jogoo. Huamshwa na mngurumo wa injini. Saa kumi alfajiri, wakati umande ungali juu ya majani na upepo haujaanza kuvuma, wapulizaji wa salfa huwa wamekwisha kuingia mashambani, kila mmoja na mashine yake mgongoni. Saa hiyo haikuchaguliwa ovyo. Unga wa salfa hushika vizuri jani lenye umande, na palipo na upepo nusu ya unga huo humwendea jirani. Kwa hiyo kazi huendelea bila kusita mpaka jua linapopanda, yapata saa tatu asubuhi, na hurudiwa kila baada ya siku 14, hata mara tano kwa msimu mmoja.

Hatuandiki haya kwa nia ya kuilaumu mashine. Wazee wa Newala na Masasi wanakumbuka jinsi zao hili lilivyoporomoka. Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa hayafiki tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, na mojawapo ilikuwa ugonjwa wa ubwiri unga, uliotambuliwa katika mikorosho yetu mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni utafiti wa Naliendele, pamoja na salfa na mashine ya kuipuliza, uliomrudishia mkulima wa Kusini matumaini yake. Shule ngapi zimeezekwa, watoto wangapi wamesomeshwa, kwa fedha ya korosho iliyookolewa na unga ule wa njano! Hilo ni jambo la kujivunia, na yeyote atakayetaka kuturudisha katika kupulizia kwa mikono hatutamsikiliza.

Lakini lipo jambo ambalo halizungumzwi katika mikutano ya vyama vya msingi, wala halimo katika orodha za pembejeo, nalo ni masikio ya yule aliyeibeba mashine.

Tuitazame mashine yenyewe. Ni injini ndogo ya petroli iliyochanganywa na oili, yenye feni ya kusukuma hewa kwa nguvu, na yote hayo yamefungwa mgongoni mwa mtu. Kati ya injini na sikio hakuna hata urefu wa mkono. Mashine za namna hii huzidi desibeli 90 masikioni mwa mbebaji, na nyingine hufikia 100. Kwa msomaji asiyezoea kipimo hicho, yafaa tueleze kidogo, kwa kuwa hesabu yake hudanganya. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba sikio la mfanyakazi laweza kustahimili desibeli 85 kwa muda wa saa nane kwa siku. Kila zinapoongezeka desibeli tatu, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huongezeka maradufu, na muda unaoruhusiwa hupungua kwa nusu. Basi desibeli 88 ni saa nne. 91 ni saa mbili. 94 ni saa moja. 97 ni nusu saa. Na 100 ni dakika 15 tu. Kijana anayebeba mashine ya desibeli 100 tangu saa kumi alfajiri hadi saa tatu asubuhi amefanya kazi kwa dakika 300. Katika asubuhi moja amelipatia sikio lake kelele ya siku 20.

Ni kweli kwamba msimu wa salfa ni wa miezi michache, na hatutaki kumtisha mtu kupita kiasi. Lakini mpulizaji hapulizi shamba moja. Huyu tunayemzungumzia ni kijana anayekodishwa leo hapa, kesho kule, kutoka Chiungutwa hadi Lulindi, kutoka Kitangari hadi Mnyambe, msimu baada ya msimu. Mara nyingi hulipwa kwa kazi aliyoimaliza wala si kwa saa, hivyo hana sababu ya kupumzika. Mwenye shamba husikia injini hiyo kwa asubuhi chache za mwaka, tena kwa mbali. Kibarua wake huisikia kutwa, na injini iko begani.

Sikio huharibika kwa namna ya kichinichini. Ndani kabisa ya fuvu kipo kijumba chenye umbo la konokono, na humo zimo seli zenye vinyweleo vidogo mno ambavyo ndivyo vinavyopokea sauti na kuipeleka katika ubongo. Kelele kubwa huvikunja vinyweleo hivyo kama upepo unavyolaza nyasi. Vikipata muda wa kutosha huinuka tena, na ndiyo maana mpulizaji hurudi nyumbani akisikia mlio masikioni, kisha jioni mlio ukaisha akadhani amepona. Vikilazwa kila siku, seli hufa. Seli hizo hazioti tena. Hakuna sindano wala dawa ya kienyeji inayoziotesha.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1886, huko Glasgow, daktari Thomas Barr aliwapima mafundi mia moja waliokuwa wakigongomea mabuyea ya meli, na hakumwona hata mmoja mwenye usikivu kamili. Hapa kwetu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili na wenzao wa Bergen, Norway, walitoa mwaka 2019 matokeo ya uchunguzi wao katika viwanda vya chuma vya Tanzania. Kelele za viwandani humo zilikuwa wastani wa desibeli 92, na wafanyakazi 48 katika kila mia walikuwa wamepungukiwa usikivu. Watu waliochaguliwa ili walinganishwe nao walikuwa walimu wa shule za msingi, ambao kwao idadi ilikuwa 31 katika kila mia. (Wasomaji wetu walimu wasiifurahie sana nafasi hiyo ya pili; darasa lenye wanafunzi wengi nalo lina kelele zake.) Fundi chuma ana ukuta wa kiwanda na mtu wa kumwita mwajiri. Mpulizaji wetu ana mkorosho tu.

Uziwi wa namna hii hauanzi kwa kimya. Huanza kwa kupotea sauti nyembamba: herufi za s, f, sh, t na k, sauti za watoto na za wanawake. Mtu husikia kwamba ameitwa, ila hajui ameambiwa nini. Mkewe humwona mkaidi. Katika kikao cha wazazi shuleni hutikisa kichwa pamoja na wenzake, akakubali mchango ambao hakuusikia ukitajwa. Barazani, mazungumzo yanapokuwa ya watu wengi, hucheka pale wengine wanapocheka, na baada ya miaka michache huacha kwenda barazani. Watu husema amekuwa na maringo, au amezeeka mapema, au amerogwa. Anayefikiria mashine ni nadra.

Wapo wanaosema kwamba Mmakonde amekulia katika ngoma, na kwamba sikio lililozoea sindimba haliogopi injini. Hayo ni maneno ya mzaha. Ngoma huchezwa na kupumzishwa, na mchezaji huweza kwenda kando apendapo. Injini iliyofungwa mgongoni haina kando. Aidha sikio halizoei kelele hata siku moja. Anayesema amezoea amekwisha kupoteza sehemu ya usikivu wake, na ndiyo maana kelele haimsumbui tena.

Tuna sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na upo Wakala wenye wakaguzi wa kuisimamia. Katika miaka ya 1970, Serikali ilipojenga viwanda vya kubangua korosho, vikiwamo vya Masasi na Newala, mfanyakazi alijulikana kwa jina na kwa namba, na mkaguzi alijua mlango wa kuingilia. Viwanda vile vingi vilinyamaza katika miaka ya 1980. Kelele ya korosho haikunyamaza. Ilihama ikaenda shambani, mahali pasipo na lango, daftari wala mkaguzi. Kibarua akipungukiwa usikivu hakuna anayemwandikia fidia, kwa maana hakuna aliyemwandika kazini.

Hapa hapana budi tuseme jambo ambalo huenda likawachoma baadhi yetu. Mwajiri huyo asiyeandika ni nani? Katika wilaya hizi mbili ni nadra kumpata mwalimu, bwana shamba, mganga, karani wa mahakama au mtumishi wa halmashauri asiye na mikorosho, iwe ya urithi au ya kununua. Juni ikifika, sisi ndisi tunaowaita vijana, tunaowahesabia miti, na tunaouliza kwa nini jana hawakumaliza. Tumesoma. Barakoa twaijua, na wengine wetu huwapa. Kibandiko kilichobandikwa juu ya mashine nyingi, chenye picha ya kichwa kilichovalishwa vikinga masikio, tumekiona mara nyingi, nasi tumekichukulia kama pambo la kiwandani. Watengenezaji wenyewe, katika vitabu vyao vya maelekezo, humtaka mbebaji avae vikinga hivyo. Tukiajiri mtu kwa mashine ya namna hiyo bila kumpa kinga, tusiwanyoshee kidole wenye viwanda wa nchi nyingine.

Wengine watajibu kwamba vijana hawataki kuvaa vitu hivyo, sikio la kufa halisikii dawa. Labda. Lakini ni nani aliyewahi kuwapa wakakataa? Kilichoonekana mashambani ni vijana wanaojitafutia wenyewe, wakajiziba kwa pamba. Ni wajibu wetu kuwaambia wazi kwamba pamba haisaidii. Ule msemo wa kumtuhumu mtu kuwa ametia pamba masikioni haukutungwa na mpulizaji wa salfa, maana mwenye pamba husikia karibu kila kitu. Vipo vizibo vya sponji vinavyobinywa na kuingizwa sikioni, navyo ni rahisi na vina nguvu, lakini kwa kazi hii vina kasoro: vidole vyenye unga wa salfa haviwezi kubinya kitu na kukitia sikioni bila kuleta muwasho na vidonda. Kwa mpulizaji vinafaa zaidi vile vya kufunika sikio lote, vilivyounganishwa kwa utepe juu ya kichwa. Hufutwa kwa kitambaa, huvaliwa kwa mikono michafu, na vikitunzwa hudumu misimu kadhaa.

Kinga pekee haitoshi. Mashine yenye eksozi iliyotoboka, au ambayo skrubu zake zimelegea, hupiga kelele kuliko ilivyokusudiwa, na fundi wa pikipiki aweza kuirekebisha kwa nusu siku. Wapulizaji wawili wakipokezana mashine moja, kila mmoja hupata nusu ya kelele. Na kwa kuwa aliyefunikwa masikio hasikii mtu akimwita gizani, wakubaliane ishara ya tochi kabla ya kuanza.

Walimu na waganga wa zahanati wanaweza kusaidia kwa jambo moja lisilohitaji chombo. Mtu asimame nyuma ya kijana, umbali wa urefu wa mkono, kijana azibe sikio moja, naye amnong'oneze tarakimu na herufi chache azirudie. Kisha sikio la pili. Jaribio hili likifanywa mwezi Mei kabla ya salfa, na tena Oktoba baada yake, litaonyesha ni nani wa kupelekwa hospitali ya wilaya kupimwa zaidi, na nani asiibebe mashine mwaka unaofuata.

Kazi kubwa zaidi ni ya vyama vyetu vya ushirika na Bodi ya Korosho. Salfa ya ruzuku humfikia mkulima kwa utaratibu unaoeleweka, na jina la kila mkulima limo daftarini. Utaratibu huo huo waweza kubeba kinga ya masikio. TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba, na MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara, wakiamua kwamba hakuna mashine ya kupulizia itakayonunuliwa kupitia kwao bila kinga ndani ya sanduku lake, muuzaji atatii, kwa kuwa anawahitaji wanunuzi hao kuliko wao wanavyomhitaji. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipima maendeleo kwa kuangalia kama yanamwongezea mtu uwezo juu ya maisha yake. Kijana aliyeiokoa mikorosho ya kijiji kizima, akarudi nyumbani asiyasikie maneno ya mwanawe, hajaongezewa kitu.

Zabuni za pembejeo hutangulia msimu, na maua ya mikorosho hayasubiri kikao. Wajumbe wa mikutano mikuu ya vyama vya msingi watakapokaa kujadili idadi ya mifuko ya salfa, mmoja wao asimame aulize vimeagizwa vikinga masikio vingapi, na jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.