Kadi Tupu na Kadi Iliyojazwa



Mwezi huu naomba nikusimulie jambo la nyumbani kwangu, hapa Mpanda, kwa sababu najua wengi wenu mnalala na swali lile lile: binti anafanya nini na simu usiku?

Binti wa marehemu dada yangu anaishi nasi. Alipata mimba akiwa kidato cha tatu, akajifungua salama, na mtoto sasa anatembea. Ninyi mnaoishi mkoa huu hamtashangaa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba katika Katavi wasichana 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza, wakati kwa nchi nzima walikuwa 27. Mimi ni muuguzi, hesabu hizo nazijua kwa sura za watu. Lakini jambo lilipoingia nyumbani kwangu sikuwa muuguzi tena, nilikuwa mama mkubwa mwenye hasira. Tangu Novemba 2021 Serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni, nafasi ipo, nasi tulimwandikisha tena. Asubuhi yuko darasani, jioni analea.

Sasa, baada ya mtoto kulala, kwenye saa nne za usiku, mwanga wa simu ulikuwa ukionekana chini ya mlango wake. Siku ya kwanza nilinyamaza. Siku ya tatu nikamwambia baba watoto, naye akasema, “Simu ndiyo iliyotuletea mjukuu. Mnyang’anye.” Nikabisha hodi huku mkono nimekwisha kuunyoosha.

Kwenye kioo cha simu hapakuwa na picha ya kijana. Palikuwa na mistari ya maneno ya Kiingereza, yenye mabano na namba.

“Nini hii?”

“Naandika programu, Mama mkubwa. Ya kuwakumbusha wajawazito siku za kliniki.”

“Nani kakutuma?”

“Hakuna. Najifunza.”

Nilikaa kitandani kwa sababu miguu ilikuwa imechoka na zamu, wala si kwa kuvutiwa. Akanieleza kwamba hana kompyuta, ila zipo programu za kuandikia lugha ya Java ndani ya simu yenyewe, na ukishazipakua huhitaji bando kila usiku. Kisha akaanza kunifundisha: klasi, objekti, kurithi. Sikuambulia kitu. Nikamwambia aseme kwa lugha ya mtu aliyesomea uuguzi.

Akafikiri kidogo, akauliza kama nina kadi za kliniki kwenye mkoba. Nilikuwa na kadi moja ya mjamzito ambayo haijaandikwa kitu, niliyokuwa nikiitumia kufundishia akina mama wa kanisani. Akaiweka juu ya shuka.

“Hii ni klasi,” akasema. “Haina mtu. Inaeleza tu kwamba kila mjamzito ana jina, umri, kijiji, na siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ukiichukua ukamjazia mama fulani, hiyo ndiyo objekti. Akija mwingine unachukua nyingine. Kadi tupu ni muundo mmoja, kadi zilizojazwa ni nyingi.”

Mama mwenzangu, nimejaza kadi hizo zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kuzifikiria hivyo. Akaendelea. Kadi ya mjamzito na kadi ya mtoto zina mambo yanayofanana, jina na kijiji, basi huandiki mara mbili. Unatengeneza kadi moja ya jumla, yeye aliiita Mteja, halafu Mjamzito anarithi yote ya Mteja na kuongeza yake, na Mtoto anarithi na kuongeza uzito na chanjo. Na tofauti na kadi ya karatasi, hii inaweza kufanya kazi. Ukiiuliza, “Utajifungua lini?” inahesabu yenyewe na kukujibu.

Hapo nikaamka. Kuhesabu tarehe hiyo ni kazi yangu. Nikamwambia tumjaribu mama wa kubuni, ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza siku ya Mwaka Mpya, 1 Januari 2025. Sisi tulifundishwa kuongeza siku 7 na kurudi nyuma miezi 3: inakuja 8 Oktoba 2025. Ukihesabu siku 280 moja moja unafika hapo hapo. Yeye akabonyeza. Simu ikaandika 8 Novemba.

“Umekosea mwezi mzima,” nikasema.

Alibisha, kama wanavyobisha wote. Mashine haikosei, Mama mkubwa. Nikamwambia mashine yako haijawahi kuzalisha mtu. Unajua maana ya mwezi mmoja katika mkoa huu? Kuna mama anatoka Karema, kando ya ziwa Tanganyika, au ndani huko Mishamo. Tunamshauri asogee karibu na hospitali siku zake zikikaribia, hasa kama ana kovu la upasuaji. Ukimpa tarehe iliyochelewa mwezi, atakuwa bado analima uchungu ukimkuta. Au mimba itapitiliza siku zake na sisi tumekaa tukimwambia bado, mama, rudi nyumbani.

Akalia kidogo. Nilimwacha. Kesho yake aliporudi shule alikuwa amekwisha kupata kosa. Katika kalenda ya zamani ya Java miezi inahesabiwa kuanzia sifuri: Januari ni 0, Februari ni 1, mpaka Desemba ambayo ni 11. Yeye aliandika 1 akidhani ni Januari, simu ikaelewa Februari. Kalenda mpya ya Java, iliyotoka mwaka 2014, inaanza na 1 kama watu wote. (Nani alidhani Januari inaweza kuitwa sifuri, mimi sijui.)

Alikuwa ameweka akina mama wa kubuni kumi na wawili. Nilitegemea atakesha akiwasahihisha mmoja mmoja, kama tufanyavyo sisi kwenye rejista kwa kalamu nyekundu. Akasahihisha mahali pamoja tu, kwenye ile kadi tupu, na wote kumi na wawili wakapata tarehe sahihi kwa mara moja. Aliniangalia kwa furaha sana. Nami nilifurahi, lakini jambo lile lile lilinitisha: kama kadi tupu ina kosa, basi hakuna mama hata mmoja aliyesalimika, na kila tarehe inaonekana safi. Mkono wa muuguzi aliyechoka hukosea kwa mama mmoja. Kwa hiyo nilimkataza kumwonyesha mjamzito yeyote wa kweli, na mpaka leo akina mama wake wote ni wa kubuni.

Nilikuwa na sababu nyingine. Kwenye kadi zetu kuna majibu ya kipimo cha VVU, nanyi mnajua mume au mawifi wanavyoweza kuishika kadi na kuisoma. Nilipomuuliza juu ya hilo alikuwa na jibu: katika uandishi wa namna hii unaweza kulifunga jambo ndani ya objekti, sehemu nyingine ya programu isilifikie ila kwa kuuliza kwa mlango ulioweka wewe. Ni kama sisi tusivyomruhusu ndugu wa mgonjwa kufungua faili, bali aje dirishani aulize. Jibu zuri, lakini nikamwambia kufuli la ndani ya programu halimzuii mtu aliyeiokota simu yako sokoni. Tena ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ni miongoni mwa zinazolindwa.

Baba watoto alitaka kujua kama jambo hili lina mwanzo na mwisho, au ni mchezo wa vijana. Nilimtafutia. Wazo la kuandika programu kwa objekti lilizaliwa Norway katika miaka ya 1960, kwa Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliotaka kompyuta iweze kuiga mambo ya maisha halisi. Katika miaka ya 1970 huko Marekani mama mmoja, Adele Goldberg, alikuwa kati ya waliotengeneza lugha ya Smalltalk na kuijaribu kwa watoto wa shule. Java ilitoka 1995. Na jirani zetu wa Eldoret, Kenya, tangu 2006 walitumia OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioandikwa kwa Java hiyo hiyo, kwa ajili ya watu wenye VVU. Dar es Salaam Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls mwaka 2013 kufundisha wasichana kuandika programu. Baba watoto alisikiliza, akauliza bei ya kompyuta iliyotumika. Hatujainunua. Mahindi kwanza.

Simu sikumnyang’anya. Tulipatana kwamba saa tano inazimwa, kwa kuwa mtoto huamka alfajiri, na kwamba mlango unabaki wazi. Siku nyingine mimi ndiye ninayesahau saa.

Juzi alinijia na swali ambalo sikulitegemea. Mjamzito wake ni lazima awe na tarehe ya hedhi, bila hiyo programu inakwama. “Mama mkubwa, aliyesahau tarehe anaandikwaje?”

Nilicheka, kwa sababu hao ndio wengi wanaokaa kwenye benchi langu. Nikamwambia huwa tunauliza mtoto alianza kucheza lini, ilikuwa wakati wa kupanda au wa palizi, kisha tunapima kimo cha tumbo, maana kuanzia kama wiki ya 20 sentimita hukaribiana na wiki. Akasema basi kadi tupu lazima ibadilike, iwe na njia ya pili ya kujibu, na jibu liandikwe kwamba ni makadirio. Akaniomba futi. Nimempa ile yangu ya kushonea, naye usiku ule alipima mto wa kitanda akiuita mama wa kumi na tatu.