Okapi Isiyolia Sitaki Tena

Jamani, nina alama kwenye kidole cha shahada, mkono wa kulia. Kila anayeiona ananiuliza kama nilibanwa na mlango wa daladala. Hapana. Nilijikata mwenyewe, kwa kisu changu mwenyewe, baada ya kukiharibu kwa mikono yangu huku nikidhani nakiboresha. Ndiyo maana leo nina ugomvi kidogo na wenzangu tunaopenda visu vya mfukoni.

Kisu chenyewe ni Okapi. Kwa usiyeijua, ni kile kisu cha kukunja chenye mpini wa mbao uliopambwa kwa mwezi na nyota, makali yake kama sentimita 10, na mgongoni kina springi ya chuma yenye pete. Ukikifungua kinalia krrk, krrk, krrk, halafu tak! Ukitaka kukifunga, unavuta pete, springi inanyanyuka, unakunja. Hakuna kingine ndani yake.

Historia yake inatuhusu kuliko wengi wanavyodhani. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, na kilikusudiwa kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani Afrika, yaani na huku kwetu Tanganyika. Jina wamelichukua kwa yule mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, ambaye wataalamu wa Ulaya walimwandika kwenye vitabu vyao mwaka 1901 tu, ingawa Wambuti walikuwa wakimla tangu enzi na enzi. Mjerumani akaondoka, kisu kikabaki. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Kwa babu yangu kule Muheza, kisu chochote kinachokunjika kiliitwa okapi, hata kiwe cha Kichina. Alimenyea machungwa, alikatia kamba za mbuzi, alichongea kalamu zetu za risasi tulipokuwa darasa la pili. Kilimtosha.

Sasa siku hizi Okapi imepata wapenzi wapya, wengi wao Ulaya na Marekani, na hata hapa mjini tupo. Wanaipenda kwa sababu ni rahisi na ina sura ya zamani, lakini wakishaipata tu wanaanza kuipangia mambo. Mmoja anataka chuma kisichoshika kutu. Mwingine anataka kibanio cha kukining'iniza mfukoni, au kitufe cha kufungulia kwa dole gumba. Mpini wanaona mnene, wanaupunguza kwa msasa. Ubapa unacheza kushoto na kulia, wanataka utulie. Na karibu wote wanataka jambo moja: kiache kulia.

Nianze na hilo la kulia, maana ndilo lililonitoa damu.

Mlio wa Okapi una sifa mbaya. Jamaika kisu cha aina hii wanakiita ratchet, na kiliandamana na vijana wahuni wa Kingston wa miaka ya 1960. Afrika Kusini nako kina jina la mitaani ambalo si la kujivunia. Hata hapa, ukifungua Okapi ndani ya ofisi ili ukate kamba ya bahasha, watu wananyamaza. Ilinitokea. Mimi ni mwandishi wa habari, nabeba kisu kwa ajili ya machungwa na nyaya za kinasa sauti, lakini siku hiyo dada wa mapokezi wa ofisi moja alinitazama kama nimekuja kudai deni. Nikarudi nyumbani na uamuzi wangu: mlio huu leo unakwisha.

Basi bwana, nikachukua tupa. Shina la ubapa, pale linapoingia kwenye mpini, limechongwa meno. Springi ina tundu linalodaka kila jino ubapa unapofunguka, na huko kudaka ndiko kunakolia. Nikayasaga meno yote ya njiani, nikabakiza lile la mwisho linalokaza kisu kikiwa wazi kabisa. Nalo, kwa ushamba wangu, nikalilainisha kidogo kwenye kona. Kisu kikanyamaza kimya. Kilifunguka kama mlango uliopakwa mafuta. Nilijiona fundi.

Siku ya nne nilikuwa natoboa galoni la plastiki. Nikasukuma, ubapa ukagoma, springi ikaruka lile jino nililolilainisha, na kisu kikajikunja chote juu ya kidole. Nyuzi 3.

Ndipo nilipokaa nikafikiri, mkono mmoja umefungwa bendeji. Yale meno hayakuwekwa pale kwa ajili ya kelele. Ratchet maana yake ni hiyo: chombo kinaenda mbele, hakirudi nyuma mpaka uruhusu. Springi ikiteleza kwenye jino la mwisho, linalofuata linadaka, na ubapa unaishia njiani kabla haujafika kwenye vidole. Yule fundi wa Ujerumani alijua anauzia watu watakaotumia kisu shambani, mikono ina matope au mafuta ya samaki, kwa hiyo akaweka breki zaidi ya moja. Mimi nikazing'oa kwa sababu zilikuwa na kelele. Na nawaona wenzangu wakifanya hivyohivyo, wakijisifu kwamba sasa Okapi yao ni laini kama hariri. Ndugu zangu, huo ulaini ni wa kuazima.

(Kwa walioko Uingereza hadithi ni nyingine kabisa. Sheria yao ya 1988 inakuruhusu kubeba kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 bila kuulizwa sababu, lakini mahakama iliamua 1993 kwamba kisu kinachojikaza kikiwa wazi hakihesabiwi kuwa cha kukunja. Kwa hiyo kile kinachookoa kidole ndicho kinachokuingiza matatani na polisi. Mwenye kuishi huko aache Okapi nyumbani, asije akakimbilia tupa.)

Hilo la chuma kisichoshika kutu nalielewa, hasa kwetu pwani. Upepo wa Tanga haumsamehi mtu. Lakini chuma cha kaboni cha Okapi kina sifa moja ambayo vyuma vya kisasa vya bei mbaya havina: kinanoleka kwa chochote. Jiwe la mtoni linatosha. Kitako cha kikombe cha udongo, pale pasipo na rangi, kinatosha. Vile vyuma vigumu wanavyovisifu Wamarekani vinakaa na makali muda mrefu, sikatai, lakini vikishakuwa butu unahitaji kinoo cha almasi, na kijijini kwa babu almasi hatujaanza kuiokota. Dawa ya kutu ni futa, kausha, paka mafuta ya nazi kidogo. Ukikatia ndimu na maembe ubapa utageuka rangi, utakuwa kijivu na mabakamabaka. Usiusugue. Ule weusi nao unasaidia kuzuia kutu nyekundu. Wenzetu huloweka ubapa kwenye siki makusudi ili waupate.

Mpini punguza upendavyo, ni mbao, na mkono ni wako. Ila ukiupaka mafuta tumia ya kitani, yanakauka. Ya nazi hayakauki, utabaki na mpini unaonata vumbi. Kibanio cha mfukoni sina shida nacho, ingawa sijui mtu anakihitaji cha nini wakati mfuko upo.

Sasa msije mkasema mimi ni mzee wa fikra anayetaka kila kitu kibaki kama 1902. Kisu cha zamani kinaweza kuboreshwa kikabaki kilekile. Tazameni Opinel ya Wafaransa. Imekuwepo tangu 1890, mpini wa mbao, ubapa mmoja, kisu cha mkulima hasa. Kwa miaka 65 haikuwa na kitu cha kuzuia ubapa usijikunje. Mwaka 1955 wakaongeza pete ya chuma shingoni, unaizungusha, ubapa unakaa. Mwaka 2000 pete hiyo ikaanza kukaza na kisu kikiwa kimefungwa pia, kisifunguke mfukoni. Mkulima hakunyang'anywa kitu, akaongezewa vidole.

Na Okapi ingefaa kuguswa hivyo. Kama ningepewa nafasi ya kumwomba mtengenezaji jambo moja, ningeomba skrubu badala ya ribiti. Ubapa unapocheza leo, dawa yake ni nyundo: unaweka ribiti juu ya chuma, unagonga polepole, unajaribu, unagonga tena. Ukizidisha pigo moja, kisu hakifunguki mpaka usali. Mchanga na sukari ya embe vikiingia ndani ya mpini, huna pa kupitia kuvitoa isipokuwa kusukutua kwa maji ya moto, na maji nayo ni adui wa chuma hicho. Kwa skrubu, mtu yeyote mwenye bisibisi angefungua, angesafisha, angekaza anavyotaka. Bei ingepanda kidogo, najua, na bei ndiyo roho ya kisu hiki. Kikishauzwa kwa bei ya kisu cha maonyesho, mwenye shamba hatakinunua tena, na sisi wapenzi wa mjini tutabaki tunakipiga picha.

Pete nayo ingekuwa pana zaidi. Mkono wenye maji hauishiki vizuri. Kwa sasa nimefunga kipande cha kamba ya viatu, inafanya kazi.

Ile niliyoisaga nimeitupa, nisije nikamwazima mtu. Nimenunua nyingine. Wiki iliyopita niliifungua tena mapokezi, ofisi ileile, dada yuleyule. Krrk, krrk, krrk. Safari hii nilikuwa nimebeba machungwa mawili, nikammenyea moja.