TUMBO NA JINA LA "CHANGO"



Hapa Kurui, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Kisarawe na Kibaha, mtu akishikwa na tumbo jibu huwa tayari. Mwanamke huambiwa ni chango, mwanamume huambiwa ni ngiri, na mtoto huambiwa ni minyoo. Kisha huchemshwa mizizi au hunywewa haluli, na siku hupita. Hatuandiki haya kuwadharau wazee wetu. Twaandika kwa kuwa jina moja limebebeshwa maradhi mengi, na miongoni mwake yamo yasiyongoja.

Yapo maumivu mepesi. Chakula kizito, kujaa upepo na kufunga choo huumiza tumbo, na mara nyingi hupoa katika siku moja au mbili kwa kupumzika na kunywa maji safi. Yapo pia ya kumwendea mganga wa zahanati bila pupa, lakini bila kuahirisha. Kichocho, maradhi ya mwambao wetu, hupatikana kwa kuingia katika maji yenye konokono wake. Huumiza chini ya kitovu na kutia damu katika mkojo, na dawa yake ipo. Vidonda vya tumbo zamani vilidhaniwa kuwa matokeo ya mawazo na pilipili. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimgundua mdudu anayevileta mara nyingi, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Sababu nyingine ni vidonge vya maumivu, kama aspirini, ambavyo karani humeza kila siku kwa ajili ya mgongo, asijue kuwa vyaweza kumtoboa tumbo.

Sasa tuyataje yasiyongoja. Kidole tumbo huanza kuuma karibu na kitovu, kisha maumivu huhamia chini upande wa kuume, pamoja na kichefuchefu, homa na kukosa hamu ya chakula. Mgonjwa huyo akinyweshwa haluli, kidole hicho chaweza kupasuka na usaha ukaenea tumboni. Mwaka 1902 Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alipatwa na maradhi hayo siku chache kabla ya kuvikwa taji. Alitaka sherehe iendelee, lakini madaktari walikataa. Frederick Treves akampasua tarehe 24 Juni, siku mbili kabla ya sherehe, na tarehe 9 Agosti mfalme akavikwa taji akiwa mzima. Ikiwa taji la mfalme lilingoja, daftari la mahudhurio nalo laweza kungoja.

Basi mtu na apelekwe kwa daktari saa ile ile akiwa na mojawapo ya dalili hizi:

1. Maumivu makali ya ghafula, au yanayozidi saa hata saa.
2. Tumbo gumu kama ubao, lisilotaka kuguswa.
3. Kutapika damu, au choo chenye damu au cheusi kama lami.
4. Kutapika mfululizo, huku choo na upepo vimezuiwa.
5. Ngiri iliyotoka, inauma, wala hairudi ndani.
6. Mwanamke mwenye mimba, au ambaye siku zake zimechelewa, akiumwa chini ya tumbo au kuzimia. Huenda mimba imetunga nje ya kizazi.
7. Maumivu pamoja na homa kali au macho ya manjano, au baada ya kuanguka au kupigwa.

Mgonjwa wa namna hii asipewe haluli wala chakula njiani.

Kutoka Kurui mpaka Hospitali ya Wilaya mjini Kisarawe ni safari. Anayesema "tutazame mpaka asubuhi" hutumia saa ambazo mgonjwa hanazo. Tangu mwaka 2001 watumishi wa Serikali walianza kukatwa mshahara kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Haifai kadi ilale sandukuni na mwenyewe ajikunje mezani akiogopa kuitwa mvivu. Nanyi wakuu wa ofisi, karani akiomba ruhusa kwa sababu ya tumbo, msimcheke.

Mficha maradhi, kilio humfichua.

MHARIRI