Mkono Ulioumia Usingoje Mwisho wa Zamu

Ndugu wafanyakazi, twasikitika kila memba anapofika ofisini wiki kadha baada ya ajali, kidole gumba hakikunjiki tena, akisema alifunga kitambaa akamaliza zamu kwa kuogopa nyapara. Kano ya kidole ikikatika haijiungi yenyewe. Ni kazi ya daktari, na kila siku ipitayo huizidisha ugumu.

Kidole kikikatika kabisa, bana jeraha kwa kitambaa safi na inua mkono juu. Kipande nacho kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe katika mfuko usiopitisha maji, ndipo mfuko uwekwe juu ya barafu. Barafu isiguse nyama. Msikitupe! Mwaka 2018 madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta waliunganisha tena mkono wa kijana uliokatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe.

Tajiri aarifiwe siku ile ile, afadhali kwa maandishi. Sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya 2007 yampa siku 7 kupeleka habari serikalini, na memba miezi 12 kudai haki yake. Nyapara akimzuia mtu kwenda hospitali, tuleteeni jina lake.