DAWA BILA PAA NI KAZI BURE

Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Nami naongeza kwamba kinga ya kwanza ni mahali pa kulala.

Siku za soko hapa Ishiara tunawapita watu wanaobeba magunia ya maembe na ndengu. Jioni wauzaji wakienda makwao, baadhi ya hao wapagazi hubaki kwenye baraza za maduka. Wengi wetu huwaita chokora, basi, tukaendelea na safari. Je, umewahi kujiuliza wakiugua inakuwaje?

Tuchukue malaria, ambayo sisi wa Mbeere tunaijua vizuri, hasa mvua ikishanyesha. Tunaambiwa tulale ndani ya chandarua. Sawa, lakini barazani utakitundika wapi? Tuje kwa kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali, na mgonjwa wa kawaida huzimeza kila siku kwa miezi sita bila kuruka. Asiye na kwake ataziweka wapi? Zikinyeshewa au zikiibwa, tiba imekatika. Viini vikishakuwa sugu ni hatari kwake na kwetu sisi tunaopanda naye matatu. Hata wahudumu wa afya ya jamii hutembea nyumba hadi nyumba. Asiye na nyumba watampigia hodi wapi?

Najua wengine watasema, "Hao ni walevi na wanusa gundi. Waache kwanza ndipo wasaidiwe." Hapo sikubali hata kidogo. Nani ataacha gundi huku bado analala nje na njaa na mbu? Nchi ya Ufini ilianza mwaka 2008 mpango wa kuwapa watu kama hao nyumba kwanza, mengine yafuate, na idadi ya wasio na makao huko ikapungua sana. Mtu akiwa na mlango wa kufunga, huweza kumeza dawa kwa saa yake, kuoga na hata kutafuta kazi.

"Ati sisi si matajiri kama Ufini!" Ni kweli. Lakini sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 katika Kenya nzima. Jamani, hao ni wa kulishinda taifa? Tena Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinataja haki ya afya na haki ya makao pamoja.

Hapa kwetu tusingoje Nairobi. Makanisa na wenye maduka wakichanga, wanaweza kumlipia mgonjwa kodi ya chumba kimoja cha mabati chenye dirisha kwa ile miezi sita ya dawa. Sisi wanachama tunaweza kuchanga blanketi na sabuni. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye kitanda hamjui alalaye barazani. Hebu tumjue.