Fundi Asiyemiliki Zana Zake ni Mpangaji

Tangu jadi fundi hujulikana kwa zana zake. Seremala ana randa, msumeno na patasi. Mshonaji ana cherehani. Mwashi ana mwiko na timazi. Zana hizo huwa mali yake. Akishazinunua, hakuna atakayembishia hodi mwisho wa mwezi kumdai kodi ya randa, wala kiwanda kilichounda cherehani hakina uwezo wa kuizima kutoka ng’ambo.

Hata hivyo, limezuka nchini tabaka la mafundi ambao hali yao ni kinyume cha hiyo. Hawa ni wasanifu wa mabango, kadi za harusi, vijitabu vya ratiba za mazishi, nembo za maduka na maandishi ya fulana. Utawapata katika vyumba vyembamba vya River Road jijini Nairobi, na katika vibanda vya kupigia chapa Mombasa, Kisumu, Eldoret na kila mji wenye stima. Zana yao ni kompyuta pamoja na programu zilizomo. Programu hizo, si wachache wanaozikodi kwa ada ya kila mwezi, na si wachache wanaozitumia kwa wizi. Swali la nani anayemiliki zana za mafundi hawa ni swali la riziki, na wakati umewadia wa kulijadili kwa uwazi.

Mambo mawili yamelifanya swali hili kuwa la dharura. La kwanza lilitukia tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa kwa kawaida masasisho ya usalama ya Windows 10, mfumo uliokuwa umetumika tangu mwaka 2015. Watumiaji wa kawaida waliahidiwa muda wa ziada wa mwaka mmoja tu, na kwa masharti. Mrithi wake, Windows 11, hukubali rasmi kompyuta zenye kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2017 hubaguliwa mlangoni, hata kama zingali nzima.

Msomaji anajua hali yetu. Kompyuta nyingi katika biashara ndogo hapa nchini ni za mtumba; zilitumika kwanza katika ofisi za Ulaya au Marekani, kisha zikaletwa hapa zikauzwa kwa bei ambayo mtu wa kipato cha chini angeweza kujikakamua kuilipa. Mashine hizo hazikuzimika usiku ule wa Oktoba. Zinawaka, zinaandika, zinapiga chapa. Ila zimekuwa kama nyumba ambayo mwenyewe ameacha kutengeneza makomeo: kila tundu jipya litakalogunduliwa na wezi wa mitandaoni litabaki wazi. Mwenye duka anayeingia katika akaunti yake ya benki kupitia mashine ya namna hiyo ana sababu ya kuhofu.

Jambo la pili lilianza mapema zaidi. Hapo awali msanifu aliweza kununua programu za Adobe mara moja, akazitumia hadi zichakae machoni pake. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilitangaza kuwa matoleo yake mapya yangepatikana kwa kukodiwa tu. Tangu hapo kampuni nyingi zimefuata mkondo huo huo. Kwa kampuni, huo ni mpango wa busara, kwani kodi huja kila mwezi. Kwa fundi, una athari mbili kubwa.

Athari ya kwanza ni sarafu. Ada nyingi za programu hizi hukadiriwa kwa dola. Mnamo Januari 2024 dola moja ilifikia takriban shilingi 160, kisha baadaye mwaka huo huo ikashuka hadi karibu 130. Kwa muda huo, gharama ya zana za fundi wa Nakuru ilipanda na kushuka ilhali yeye mwenyewe hakuongeza wala kupunguza hata kadi moja ya harusi. Athari ya pili ni mbaya zaidi. Mpangaji asipolipa, mlango hufungwa. Kazi zake za miaka mingi husalia ndani ya faili ambazo programu nyingine huzifungua kwa shida, au hazizifungui kabisa. Hivyo basi fundi hukodi zana, na pamoja na zana hukodi hata kazi ya mikono yake mwenyewe.

Si ajabu kwamba wengi wamechagua njia ya panya. Programu zilizovunjwa kufuli huzunguka kutoka flashi moja hadi nyingine kama uvumi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakataza jambo hili, na hapa sitamtetea mvunja sheria. Lakini kumhubiria peke yake hakutoshi. Afadhali aelezwe hatari anayoikaribisha. Programu ya wizi mara nyingi huja na mgeni asiyealikwa: kirusi kinachonakili nywila, au kile kinachofunga faili zote na kudai fidia. Aliyevunja kufuli la programu hana sababu ya kuheshimu kufuli la mteja wake. Isitoshe, msanifu anayelalamika kuwa nembo yake imeibwa na mshindani atakosa haya usoni ikiwa nembo hiyo aliichora kwa zana ya wizi.

Je, ipo njia ya tatu? Naam, ipo, na imekuwepo kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1995 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walianza kuunda GIMP, programu ya kurekebisha picha, wakaitoa kwa umma mwaka uliofuata. Toleo lake la 3.0 lilitoka Machi 2025. Kwa michoro ya mistari, kama vile nembo, ipo Inkscape, iliyoanza mwaka 2003. Kwa kupanga kurasa za vitabu na magazeti ipo Scribus. Kwa barua, hesabu na taarifa ipo LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010. Zote hizi si za bure tu bali ni huru: yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili, kumpa jirani, hata kuzibadilisha.

Tofauti hiyo kati ya cha bure na kilicho huru yafaa izingatiwe. Mnamo Oktoba 2025 kampuni ya Canva ya Australia, ambayo mwaka 2024 ilikuwa imenunua programu za usanifu za Affinity, ilizitoa bila malipo. Ni zana nzuri, na anayezihitaji azichukue. Lakini zingali mali ya kampuni, na anayetoa kwa hiari yake ana uwezo wa kubadili nia kwa hiari yake. Programu iliyo huru haina mwenye nyumba wa kubadili nia.

Wapo watakaosema kuwa zana hizi ni za wanagenzi, na kwamba kazi ya maana haiwezi kufanywa kwazo. Hao nawashauri watazame filamu ya *Flow*, ya Gints Zilbalodis kutoka Latvia. Ni hadithi ya paka anayeokolewa na mashua wakati wa gharika pamoja na mbwa, lemuri na ndege. Hakuna neno hata moja linalosemwa, kwa hivyo mtoto wa Lamu ataielewa sawasawa na mtoto wa Riga. Filamu hiyo ilichorwa kwa Blender, programu ambayo mwaka 2002 wapenzi wake walichanga euro 100,000 ili iachiliwe huru baada ya kampuni yake kufungwa. Machi 2025 *Flow* ilitwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni, ikiwashinda wakubwa wa Marekani kama Pixar na DreamWorks. Kwa familia inayotafuta kitu cha kutazama pamoja jioni, sina pendekezo bora. Na kwa msanifu anayedharau zana za bure, sina jibu bora.

Hata hivyo, si haki kumficha msomaji upungufu uliopo. GIMP bado ni dhaifu katika rangi za matbaa. Kazi ya aina hiyo yafaa imaliziwe katika Scribus, ambayo huzishughulikia vyema. Wateja na wapiga chapa wengine hudai faili za programu mahususi, na kuwashawishi huchukua muda. Fauka ya hayo, mkono uliozoea zana moja kwa miaka kumi hauizoei nyingine kwa siku kumi. Mwenye kuhama na ahame polepole: aanze na kazi moja ndogo, ailinganishe, kisha aongeze.

Kwa wale walio tayari kuanza, yapo mambo machache yasiyogharimu pesa nyingi. Kompyuta iliyokataliwa na Windows 11 yaweza kujaribiwa kwa Linux Mint kutoka kwenye flashi, bila kugusa chochote kilichomo ndani. Ikiwa ina RAM ya GB 4 au zaidi, aghalabu itafanya kazi. Kubadilisha diski ya zamani kwa ile ya SSD huichangamsha mashine kuliko mtu anavyotarajia. Faili za kazi ziwekwe mahali patatu: ndani ya kompyuta, katika diski ya nje, na mahali pengine mbali na duka, kwa maana mwizi na moto havichagui. Kazi ikienda kwa mpiga chapa, ipelekwe kama PDF ikiwa na fonti zake ndani, ili maandishi yasibadilike njiani. Mteja akituma picha kwa WhatsApp, aombwe aitume kama hati wala si kama picha, kwani mtandao huo huzibana picha hadi zikapoteza ubora, nalo bango huanika kila dosari.

Hayo ni ya mtu binafsi. Lakini lipo la taifa pia. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, mwanzo wa sekondari ya juu. Miongoni mwao wamo wasanifu, wahasibu na wahandisi wa kesho. Je, tutawafundisha ufundi, au tutawafundisha jina la bidhaa? Mwanafunzi anayefundishwa kanuni za rangi, mpangilio wa ukurasa na hesabu za jedwali ataweza kutumia programu yoyote. Anayefundishwa tu pa kubonyeza katika programu ya kampuni moja huwa ameandaliwa kuwa mteja wa kampuni hiyo maisha yake yote, na mzazi wake ndiye aliyegharamia maandalizi hayo kwa kodi na karo.

Wengine wamekwisha kuamka. Aprili 2024 serikali ya jimbo la Schleswig-Holstein nchini Ujerumani ilitangaza kuwa itahamishia kompyuta 30,000 hivi za watumishi wake kwenye LibreOffice. Jimbo hilo halikosi pesa za kulipia programu. Lilitaka kuwa na mamlaka juu ya kazi na data zake. Nasi Afrika Mashariki si wageni wa jambo hili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kiini cha juhudi zilizozaa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Juhudi hiyo ilithibitisha kuwa programu iliyo huru yaweza kufundishwa lugha yetu bila kungoja kampuni ya mbali ione faida katika kufanya hivyo.

Serikali za kaunti, vyuo vya ufundi na Wizara ya Elimu hazihitaji kupiga marufuku programu yoyote. Zinachohitaji ni kuhakikisha kuwa kila maabara ya kompyuta inayonunuliwa kwa pesa za umma ina angalau zana moja iliyo huru kwa kila kazi, na mwalimu anayeijua. Aidha, mashine zinazotolewa ofisini kwa sababu ya kisa cha Windows 10 zisiuzwe kama vyuma chakavu wala kuishia jaani. Zifutwe data, ziwekewe mfumo mwingine, zipelekwe shuleni. Wahenga walituasa tusitupe mbachao kwa msala upitao.

Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 unakuja, na kila mgombea, mshindi na mshinde, atataka bango, fulana na kijikaratasi chenye picha yake. Kwa wasanifu wetu huo ndio msimu wa mavuno. Mkulima mwerevu hangoji mvua inyeshe ndipo aende kuazima jembe. Msanifu anayeanza leo kujifunza zana zisizo na mwenye nyumba atauingia msimu huo akiwa na jembe lake mwenyewe, na atakachokivuna kitakuwa chake.