Udalali wa nyumba na ardhi ni taaluma, si ujanja wa mjini

Neno "broka" limekuwa tusi katika miji yetu. Mzazi akiambiwa kwamba kijana wake anauza ploti kule Kitengela, Juja au Mtwapa, aghalabu hutikisa kichwa kana kwamba ameletewa habari za msiba. Hata hivyo, vijana wanaohitimu masomo wanazidi kumiminika katika kazi hiyo, simu mkononi na matumaini tele moyoni. Wanafunzi wameniuliza si mara moja wala mbili: Je, kazi hii ina mustakabali? Ina malipo ya maana? Na anayeitaka yampasa ajue nini? Naona maswali hayo yanastahili majibu yaliyonyooka, wala si dharau.

Tuanze na lugha yenyewe. Kabla ya kumpokea broka, Kiswahili kilikuwa na dalali. Neno hilo tulilipata kutoka Kiarabu, na lina shina moja na neno dalili. Maana ya shina hilo ni kuonyesha na kuelekeza. Kwa hivyo dalali, kwa asili ya jina lake, ni mtu anayemwelekeza mwenziwe kwenye kitu cha kweli. Madalali wa minada wana sheria yao ya mwaka wa 1996 na bodi ya kuwapa leseni. Ninaowazungumzia hapa ni wale wanaosimama baina ya mwenye nyumba na mpangaji, au baina ya mwenye ardhi na mnunuzi. Msiba wetu ni kwamba wengi wao ni madalali wasio na dalili: hawana ofisi, hawana stakabadhi, wala hawajui ardhi wanayoiuza ni ya nani.

Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi anapaswa kuambiwa, na ambalo wengi hawaambiwi, ni kwamba kazi hii ina sheria. Sura ya 533 ya Sheria za Kenya inawahusu mawakala wa nyumba na ardhi. Sheria hiyo iliunda bodi ya kuwasajili, na inamhesabu mtu anayefanya kazi hiyo bila kusajiliwa kuwa mtenda kosa. Tena inamtaka wakala ahifadhi fedha za wateja katika akaunti ya pekee, zisichanganyike na za kwake. Kujisajili kunahitaji elimu ya taaluma inayokubaliwa na bodi. Hii ndiyo sababu Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya hufunza shahada za taaluma ya ardhi na majengo. Kwa hivyo yule kijana anayezunguka mtaani na picha za vyumba kwenye simu yake, hata akiwa mwaminifu kama malaika, anatembea kando ya sheria. Ni haki ajue hivyo kabla ya kuingia.

Pili, malipo. Hapa ndipo vijana wengi hudanganyika, kwa kuwa husikia habari za aliyeuza jumba la Karen lakini hawasikii za aliyekaa miezi mitano bila kupata kitu. Dalali hana mshahara, ana kamisheni. Kwa desturi ya soko letu, anayempatia mwenye nyumba mpangaji hulipwa kodi ya mwezi mmoja au chini ya hapo. Tuseme nyumba ni ya shilingi 20,000. Kama madalali watatu wameshirikiana kumleta mpangaji, kama inavyotokea mara nyingi, kila mmoja hubaki na shilingi 6,666. Humo ndimo mna nauli, muda wa maongezi ya simu na viatu vilivyokwisha soli. Ndiposa wengine wakazua ada ya kumwonyesha mtu nyumba, ilipwe hata nyumba ikimchukiza. Ada hiyo imekuwa mtego: nyumba moja iliyokwisha kupangishwa huonyeshwa watu kumi, na dalali akala mara kumi.

Mauzo yana kishindo zaidi. Ploti ya shilingi milioni tatu, kwa kamisheni ya asilimia 3, humpa dalali shilingi 90,000. Lakini uuzaji wa ardhi huchukua wiki nyingi na pengine miezi, na mnunuzi anaweza kughairi siku ya kutia sahihi. Mwenye hekima atatazama upande wa tatu wa kazi hii, ambao hauna kelele: kusimamia nyumba za kupangisha kwa niaba ya wenyewe. Chukua nyumba 40 za kodi ya shilingi 15,000 kila moja. Kodi ya mwezi ni shilingi 600,000. Wakala akilipwa asilimia 8, anapata shilingi 48,000 kila mwezi, mvua inyeshe au jua liwake. Hiyo si habari ya kujisifu nayo kwenye magenge, lakini ndiyo iliyomlisha mtu na kumsomeshea watoto. Anayeniuliza kama kazi hii ina riziki, jibu langu ni kwamba inayo, ila humwendea mwenye subira na daftari kabla ya kumwendea mwenye ulimi mtamu.

Tatu, ujuzi. Nataka kuzungumza hapa na walimu hasa, kwa maana karibu yote yanayohitajika yanaanzia darasani.

Mwalimu wa hisabati anaweza kuanza na ploti ya futi 50 kwa 100. Matangazo mengi huiita thumni ya ekari. Lakini ekari moja ni futi mraba 43,560, na thumni yake ni futi mraba 5,445. Ploti ya 50 kwa 100 ina futi mraba 5,000 tu. Zimepungua 445. Kama mnunuzi amelipa shilingi milioni moja akiamini kwamba amepata thumni kamili, ardhi ya zaidi ya shilingi 81,000 haipo. Mwanafunzi atakayeifanya hesabu hiyo mara moja hataisahau, na hatamdanganya mtu wala kudanganywa.

Mwalimu wa Kiswahili naye ana kazi. Tazama lugha ya matangazo ya ardhi: kila ploti iko "dakika kumi kutoka barabara kuu", ila hatuambiwi ni kwa miguu, kwa gari au kwa helikopta. Maji na umeme "viko karibu", na ukaribu huo huwa ni wa jirani aliye ng'ambo ya bonde. Kuandika maelezo mafupi, sahihi na yenye kuvutia bila uongo ni ufundi wa insha. Kuandika mapatano ni ufundi mwingine, na hapa sheria haina mzaha: mkataba wa kuuza ardhi nchini Kenya sharti uandikwe, utiwe sahihi na wahusika na ushuhudiwe. Maneno ya mdomo, hata yakisemwa mbele ya wazee, hayatoshi mahakamani.

Mwalimu wa uraia na historia anaweza kueleza kwa nini ardhi ya kilimo haiuzwi bila idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, chini ya sheria ya 1967, na kwa nini ombi la idhini hiyo linatakiwa kupelekwa katika miezi sita tangu mapatano. Anaweza kueleza kwa nini nyumba ya ndoa haiuzwi na mume kwa siri, bila ridhaa ya mkewe. Na mwalimu wa biashara anayo methali iliyo tayari: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ujuzi huu si pambo. Mnamo Oktoba 2023, nyumba nyingi zilibomolewa Mavoko, katika Kaunti ya Machakos, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ile ilikuwa mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Watu waliokuwa wamejenga kwa akiba ya maisha yao walisimama kando wakitazama matingatinga yakisaga kuta. Miezi sita kabla ya hapo, Aprili 2023, Mahakama ya Juu Zaidi ilikuwa imetoa uamuzi kuhusu kiwanja kimoja cha ufuoni Nyali, Mombasa, ikisema kwamba hatimiliki peke yake haitoshi kumkinga aliyenunua, iwapo chanzo chake hakikuwa halali. Maana yake kwa dalali ni nzito. Zamani aliweza kusema, "Cheti hiki hapa, bwana." Leo analazimika kuuliza cheti hicho kilitoka wapi, nani alikuwa nacho kabla, na ardhi hiyo ilitengewa kazi gani. Dalali asiyejua kupekua rejista na kufuatilia historia ya ardhi ni kama nahodha asiyejua miamba: abiria ndio wanaozama.

Najua wapo watakaosema kwamba ninawashughulisha vijana na kazi inayokufa. Watasema nyumba sasa zinatafutwa kwenye intaneti, na kwamba tangu mfumo wa Ardhisasa uzinduliwe Aprili 2021, rekodi za ardhi zimeanza kupatikana kwenye kompyuta. Pengine watanikumbusha kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siwapingi kwamba dalali wa kufungua milango tu atakosa kazi. Lakini picha ya kwenye simu haimwambii mpangaji kwamba maji huja Jumanne peke yake, wala haimwambii mnunuzi kwamba ndugu wawili wanagombania urithi wa shamba lile. Mashine huonyesha kilichoandikwa. Mtu ndiye anayekwenda kuwauliza majirani, kuhesabu mawe ya mipaka pamoja na mpima ardhi, na kumshauri mteja aondoke ijapokuwa kamisheni itapotea. Kadiri rekodi zinavyokuwa wazi, ndivyo anayelipwa atakavyokuwa yule anayeweza kuzisoma na kuzieleza.

Wengine watasema vijana waachwe wajitafutie riziki, kwani kazi ni chache. Hoja hii inanigusa, kwa sababu ni ya kweli. Lakini riziki inayotegemea kumficha mwingine ukweli haidumu, na anayeumia kwanza kwa kawaida ni maskini mwenziwe: mwalimu aliyekopa chamani, muuza mboga aliyejinyima miaka kumi. Kuwafukuza vijana hawa mitaani hakutasaidia. Kuwaacha walivyo hakutasaidia pia.

Ninachopendekeza ni ngazi iliyo wazi. Kijana aliyemaliza sekondari aruhusiwe kuanza kama msaidizi chini ya wakala aliyesajiliwa, kwa jina linalojulikana na bodi, huku akisomea cheti katika chuo cha kiufundi. Afunzwe sheria za ardhi, vipimo, uwekaji hesabu na maadili. Baada ya miaka kadhaa apande kwenye stashahada, kisha usajili kamili. Wakala aliyemwajiri awajibike kwa makosa yake. Kwa njia hiyo sheria itakuwa mlango wa kuingilia, wala haitakuwa ukuta wa kuchungulia. Nayo bodi iyatangaze majina ya waliosajiliwa mahali ambapo mwananchi wa kawaida anaweza kuyaona kabla hajatoa hata senti.

Kwako mwanafunzi, nasema hivi. Ukiitaka kazi hii, usiichague kwa sababu umeona mtu akiendesha gari la kifahari. Ichague ikiwa unapenda kutembea, kuuliza, kusoma hati neno kwa neno na kuandika kila shilingi. Jifunze kusema "sijui, nitachunguza". Kataa kupokea fedha ya mteja bila kumpa stakabadhi, hata akiwa shangazi yako. Anza kama mwanagenzi wa mtu mwaminifu, ingawa malipo yatakuwa madogo, badala ya kuanza peke yako kwa uongo unaolipa haraka.

Nanyi walimu, mwanafunzi akija kuwaambia kwamba anataka kuwa dalali, msimcheke. Mpeni kwanza ile hesabu ya futi 50 kwa 100. Akiifanya mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani atakayemrudishia mnunuzi zile futi 445, jueni kwamba mmepata dalali anayestahili jina lake.